Donati za Siku ya Kura

Paa la Shule ya Msingi ya Ostrander lilivuja miaka mingi hata ndoo zilizotegwa chini yake zikapewa majina. Kulikuwa na Gertrude, ndoo kubwa ya kijivu kando ya maktaba. Kulikuwa na Mapacha, kwenye korido ya darasa la kwanza. Na kulikuwa na Seneta, ambaye hakujaa hata mvua inyeshe juma zima, na hakuna aliyewahi kujua maji yake yalikwenda wapi.

Verna Hruska aliyajua majina yote. Alikuwa na umri wa miaka sabini na mmoja, na mwenyekiti wa bodi ya shule ya Tillman Falls, kitongoji cha nyumba za matofali na nyasi zilizonyolewa vizuri, nusu saa kwa gari kutoka Cleveland. Bodi ilikuwa na wajumbe watano, wote wamechaguliwa na majirani zao. Walilipwa posho isiyojaza tangi la petroli, na kutukanwa walitukanwa bure. Verna alikuwa amekaa kwenye bodi ile miaka kumi na tisa. Alikumbuka mkutano mmoja wa kujadili mabasi mapya ambao ulirefuka hata mjumbe wa upande wake wa kushoto, aliyeingia amenyoa vizuri, akatoka na ndevu.

Muhula wake ulikuwa unakwisha Desemba, na hakutaka mwingine. Magoti yalikuwa yamechoka, masikio yamechoka, hata saini yake ilikuwa imechoka: siku hizi iliishia katikati ya jina. Alitaka jambo moja tu kabla ya kuondoka. Alitaka kuiacha Ostrander ikiwa wazi.

Ndiko alikojifunza kusoma. Lakini si hilo lililomnyima usingizi. Miaka mitatu nyuma, wazo la kuifunga lilipotajwa mara ya kwanza, alisimama mbele ya wazazi mia mbili kwenye ukumbi wa michezo akasema, "Mradi mimi nimekaa kwenye kile kiti, Ostrander haifungwi." Yalimtoka tu, kwa uchovu, saa ya tatu ya mkutano. Wazazi wakayachapa kwenye fulana za njano. Tangu hapo Verna hakuweza kwenda kununua maziwa bila kukutana na maneno yake mwenyewe kwenye kifua cha mtu.

Shida ilikuwa fedha, na fedha ilikuwa na tabia yake. Jimbo lilitoa sehemu, na kila mwaka ikapungua, kwa hoja kwamba watu wa Tillman Falls wana nyumba za bei kubwa, basi wajisaidie. Sehemu kubwa ilitoka kwenye kodi ya nyumba hizo hizo. Ila nyumba zikipanda bei, sheria ilishusha kiwango cha kodi chenyewe, shule zikabaki na dola zile zile za enzi ya babu. Kupata dola mpya, bodi ilibidi iwapigie magoti wananchi: kura ya kodi, kila Mei, ndiyo au hapana. Na wananchi wengi walikuwa wazee ambao watoto wao walishakua wakahamia majimbo yenye joto. Kura ya mwaka juzi ilisema hapana. Ya mwaka jana ikasema hapana kwa sauti kubwa zaidi.

"Ya tatu ikishindwa, tunafunga Ostrander mwezi Juni," alisema Dakta Oyler, mkurugenzi wa shule za wilaya, mtu mrefu mwenye mazoea ya kuomba radhi kabla ya kusema lolote. "Samahani, Verna. Nimezipindua hesabu kila upande."

"Ostrander ndiyo yenye alama nzuri kuliko zote."

"Najua. Nyota nne na nusu kwenye ripoti ya jimbo. Wilaya nzima tuna tatu na nusu."

"Basi tunafunga shule bora."

"Tunafunga paa bovu," Dakta Oyler akasema. "Samahani. Shule iko chini yake."

Aliyeongoza kambi ya hapana alikuwa Delbert Stropko, fundi bomba mstaafu, mgane, umri wa miaka sabini na nne. Kila Jumatatu ya pili ya mwezi, kwa miaka ishirini na miwili, Delbert alikuwa wa kwanza kujiandikisha kwenye dakika za wananchi. Utaratibu ulikuwa mmoja tangu zamani: unasimama kwenye kipaza sauti, taa ndogo mezani inawaka kijani, unapewa dakika tatu. Ikibaki nusu dakika inawaka njano. Ikiwaka nyekundu, mwenyekiti anagonga rungu lake na wewe unakaa. Delbert hakuwahi kugongewa. Alijua kumaliza sentensi yake sekunde ileile ya nyekundu, kama mtu anayeruka kwenye basi likiondoka.

"Mheshimiwa mwenyekiti," angeanza, akivuta neno hilo hadi likawa tusi, "nimesoma bajeti yenu kurasa mia moja na arobaini. Ukurasa wa sitini na mbili mmenunua kalamu za risasi elfu kumi na mbili. Tuna watoto elfu mbili na mia nane. Je, wanazila?"

"Bwana Stropko, nyingine ni za mitihani."

"Basi mitihani inazila."

Watu wangecheka, na Verna angeandika pembeni mwa karatasi yake: *muulize Oyler kalamu*. Maana mara moja kati ya tatu Delbert alikuwa na haki, na hilo ndilo lililomuudhi zaidi.

Februari ile Delbert alitangaza kwamba hadithi ya paa ni uongo wa kuwatisha walipakodi. Jumamosi, akasema, atapanda mwenyewe na kamera. Lakini Jumamosi theluji ilianguka, akapanda Jumatatu, watoto wakiwa darasani. Alitembea hatua sita. Ya saba, mguu wake wa kulia ulipita katikati ya paa mpaka kwenye paja, kiatu kikaanguka chini ndani ya Seneta, na mguu wenyewe ukaning'inia juu ya darasa la tatu la Bi Lindqvist.

Bi Lindqvist alikuwa amefundisha miaka thelathini na hakuwa mtu wa kupoteza somo. Siku ile walikuwa wanafundishwa vipimo. Wazima moto walitumia dakika arobaini kufika, na katika muda huo watoto ishirini na sita walipanda kiti kwa zamu, wakaupima mguu kwa rula, wakaandika majibu. Msichana mmoja akaona soksi ina tundu na kidole kimegeuka rangi, akakivisha glovu yake ya sufu. Wengine husema walimsomea na hadithi nzima ili asiogope, na kwamba sauti kutoka juu ya dari iliomba ukurasa mmoja urudiwe. Kwa vyovyote, mji mzima ulicheka hadi Pasaka.

Delbert hakupigwa picha wala hakupiga. Jumatatu iliyofuata ya mkutano alisimama kwenye kipaza sauti kama kawaida, akichechemea, akaishambulia bei ya mafuta ya mabasi. Kuhusu paa hakugusa neno. Verna alidhani ni aibu.

Sasa, Verna na Delbert walikuwa na siri, na siri hiyo ilikuwa na umri wa miaka kumi na mmoja.

Ilianza Mei moja ya mvua, kwenye foleni ya kupiga kura, pale pale kwenye ukumbi wa michezo wa Ostrander. Foleni ilikuwa imetoka nje ya mlango. Karatasi ya siku ile haikuwa na kitu kingine ila kodi ya shule. Verna alikuwa amesimama na mwavuli uliovunjika, na aliyekuwa nyuma yake alikuwa Delbert, bila mwavuli kabisa.

"Verna," alisema, "wewe utaandika ndiyo."

"Unajua hivyo."

"Na mimi hapana. Tutalowa saa nzima ili mimi nikufute na wewe unifute. Fundi bomba angeunganisha hivyo, angefukuzwa kazi. Ng'ambo ya barabara Zelenka ametoa donati za moto."

Verna alitazama foleni, akatazama viatu vyake. Wakaenda. Kodi ilipita mwaka ule bila wao, na hakuna aliyeumia. Ikawa desturi. Kila Mei, saa kumi jioni, walikutana kwenye duka la mikate la Zelenka, mmoja akilipa mwaka huu na mwenzake mwaka ujao, wakala donati mbili kila mmoja, wakanywa kahawa, wakarudi kila mtu kwenye kazi yake ya kupingana. Hawakumwambia mtu. Nani angeelewa? Lakini katika miaka hiyo, mume wa Verna, marehemu Leo, alipougua, aliyekuja kuziba bomba la jikoni kwa Verna bila kuitwa alikuwa Delbert, na wala hakuacha kumwambia kwamba bajeti yake ni ya kihuni.

Siku ya kura ya tatu ilifika na jua zuri la kinafiki. Verna alifika Ostrander saa kumi na mbili asubuhi. Sheria ilitaka mtu anayeomba kura asipite vijibendera viwili vilivyochomekwa kwenye nyasi, hatua mia kutoka mlangoni, basi alisimama hatua moja nje ya vijibendera hivyo na bahasha ya vipeperushi. Wazazi wenye fulana za njano waliuza keki. Wazee walipita na magari yao yanayong'aa, wengine wakimpungia mkono, wengine wakijifanya wanatafuta kituo cha redio.

"Bi Hruska, umekula?" akauliza mama mmoja wa fulana.

"Nimekula."

"Umeshapiga?"

"Nitapiga," Verna akasema, na hakupenda ladha ya neno hilo mdomoni.

Ilipofika saa kumi, miguu yake ilikuwa si yake tena. Alivuka barabara akaingia kwa Zelenka, akamkuta Delbert mezani na donati nne. Hazijaguswa. Hilo peke yake lilitosha kumshtua mtu aliye macho, lakini Verna alikuwa amesimama kwa saa kumi mfululizo.

"Mwaka huu ni zamu yangu kulipa," alisema, akiketi kama gunia.

"Nimeshalipa."

"Kwa nini?"

Delbert alizungusha kikombe. "Verna, nilikuwa nafikiri. Labda mwaka huu tukapige."

"Tukapige nini?"

"Kura. Tuvuke barabara, tusimame foleni, kila mtu apige yake."

Verna alimtazama. Alikuwa ametazama uso huo chini ya taa ya kijani kwa miaka kumi na tisa. Alidhani anaujua kila mkunjo. "Del, usinichezee leo."

"Sikuchezei."

"Umehesabu, umeona mko pungufu. Unataka nisimame foleni na miguu hii, nikifika mlangoni unanipita na kundi zima la hapana kutoka kanisani kwako. Au nikipiga na wewe hukupiga, kesho utasimama kwenye kipaza sauti useme mwenyekiti hashiki neno lake. Nakujua."

"Hunijui hata kidogo."

"Tulikubaliana," Verna akasema. "Miaka kumi na mmoja. Jambo moja katika mji huu ambalo halijahitaji kikao. Niachie hilo tu."

Delbert alikuwa mtu anayejua kusema mbele ya watu mia kwa sekunde mia na themanini bila kukosea. Mbele ya mtu mmoja na donati nne hakuwa na taa ya kumsaidia. Akachukua donati moja, akaimega.

"Sawa, mwenyekiti," akasema. Hakulivuta neno. "Kama unavyotaka."

Walikula. Ukumbi ulifungwa saa moja na nusu.

Asubuhi yake Dakta Oyler alipiga simu, na kwa mara ya kwanza hakuanza na samahani. "Verna, keti."

"Nimeketi."

"Ndiyo, elfu mbili mia tisa na kumi na nne. Hapana, elfu mbili mia tisa na kumi na nne."

Verna alisikia kengele ya Ostrander ikilia ng'ambo ya barabara. Nyumba yake ilitazamana na uwanja wa shule. "Sawa kwa sawa. Sheria inasemaje?"

"Sare ni kushindwa. Watahesabu tena. Samahani."

Walihesabu tena, kwa mashine na kwa mkono. Katika mji ule watu walianza kupima kila kitu kwa kura moja. Mwanamume mmoja alisema alikuwa kitandani na mafua. Mwanamke mmoja alilia dukani kwa sababu tairi lake lilipasuka saa moja na robo. Mwingine alidai hata mbwa wake angepiga kama angeruhusiwa. Namba hazikubadilika.

Na kwa kuwa orodha ya waliopiga kura si siri, ila walichoandika tu ndicho siri, watu wa fulana za njano wakaanza kuisoma orodha jina baada ya jina, wakimtafuta mtu mmoja wa ndiyo aliyebaki nyumbani. Walianzia A. Walikuwa na siku kumi kabla ya mkutano wa bodi. Verna alihesabu herufi kati ya A na H akajua hawatakosa kufika.

Mkutano ulifanyika kwenye ukumbi wa Ostrander kwa sababu kwingine kusingewatosha. Mvua ilinyesha, Gertrude na Mapacha walikuwa wamehamishiwa ukumbini, kazini. Kwenye meza ya bodi kulikuwa na azimio la ukurasa mmoja la kuifunga shule, na Verna alikuwa amelisoma mara nyingi hata maneno yakaacha kuwa maneno.

Delbert alikuwa wa kwanza kujiandikisha. Aliufikia mti wa kipaza sauti akichechemea, na watu wakazomea. Taa ikawaka kijani.

"Mnatafuta kura moja," alisema. "Acheni kusoma. Ni yangu. Sikupiga. Na ningepiga, ningeandika ndiyo."

Kicheko kilipasuka hadi maji yakatikisika ndani ya Gertrude. Mtu akapiga kelele, "Ungeandika kwa mguu upi, Stropko?" Mwingine akasema, "Mpeni glovu!"

Delbert hakucheka. "Nilisikia watoto wenu wakinisomea," akasema. "Walisoma vizuri. Mguu wangu ulikuwa umeganda na walisoma vizuri, hata yale maneno marefu. Nilitaka kusema Machi. Nikasimama hapa, taa ikawaka, nikasema habari za mafuta ya mabasi. Nimesema hapana muda mrefu, sikujua mtu huanzia wapi."

Hawakumwamini. Verna aliona hivyo kwenye nyuso zao: walingoja sehemu ya kuchekesha. Yeye peke yake ukumbini aliikumbuka meza ya Zelenka na donati nne zisizoguswa. *Labda mwaka huu tukapige.* Na yeye alikuwa amemjibu nini?

Delbert hakumtaja. Alikuwa amemaliza alichokuja kusema, na sasa alisimama tu akiushika mti wa kipaza sauti. Taa ikawa njano. Ikawa nyekundu. Verna hakugonga.

"Bwana Stropko anasema kweli," alisema. "Alitaka kwenda kupiga. Mimi ndiye niliyemzuia. Tulikuwa na makubaliano ya zamani ya kufutana, tusisimame foleni. Mimi pia sikupiga. Mngefika kwenye H kesho au keshokutwa. Kura zilizokosekana ni mbili, na zote mbili zilikuwa hapo ng'ambo zinakula donati."

Tone lilidondoka ndani ya Pacha mmoja, kisha ndani ya mwenzake. Mama yule wa keki, aliyemuuliza kama ameshapiga, alimtazama tu, wala si kwa hasira. Kama mtu aliyeshuka ngazi akadhani kuna ngazi moja zaidi.

"Azimio," akanong'ona Dakta Oyler. "Samahani, Verna. Lazima."

Karani aliita majina. Wajumbe wanne wakajibu ndiyo, ndiyo, ndiyo, ndiyo, kila mmoja akitazama karatasi. Zilitosha. Angeweza kusema hapana na neno lake lisibadilishe lolote, angetoka na fulana zake safi. Alilifikiria. Lakini mishahara ya walimu wa shule nne zilizobaki ilikuwa kwenye hesabu ileile, na hapana ya bure ilikuwa jambo ambalo mji huu ulikuwa nalo la kutosha.

"Bi Hruska?"

"Ndiyo," akasema Verna.

Watu walipotoka, baadhi ya wazazi walipita mezani. Hawakumtukana. Mmoja alivua fulana yake ya njano, alikuwa na sweta ndani, akaikunja vizuri kama nguo ya dukani akaiweka mbele yake. Mwingine akafanya vivyo hivyo. Mpaka ukumbi unabaki mtupu zilikuwa arobaini na kitu, na Verna hakuwa na la kufanya nazo ila kuzitia kwenye masanduku mawili ya karatasi za mtihani.

Alinyanyua la kwanza. La pili likanyanyuka lenyewe; Delbert alikuwa chini yake.

"Ungeniambia," Verna akasema wakitembea kwenye korido. "Ungesema tu, 'Verna, naandika ndiyo.' Maneno matatu."

"Ungeniamini?"

Aliwaza hilo mpaka mlangoni. "La," akasema.

"Basi."

Mvua ilikuwa imepungua. Duka la Zelenka lilikuwa limefungwa, viti vimepinduliwa juu ya meza. Delbert aliteremka ngazi moja moja, ule mguu ukitangulia.

"Mei ijayo wataleta kodi nyingine," alisema. "Ya mabasi, ama ya mabomba. Huwa wanaleta."

"Sitakuwepo kwenye kiti."

"Si kiti. Foleni. Tutasimama foleni."

"Foleni ya wapi? Ukumbi unafungwa. Watatupeleka kupigia kura kwenye maktaba ya mji, kule mlimani. Hakuna hata pa kuegesha gari."

"Tutapanda."

"Na mguu wako? Utauma."

"Utauma," akasema Delbert, akaliweka sanduku lake ndani ya buti ya gari lake, akasogea pembeni ili Verna naye aweke la kwake.